Kiyoyozi cha ukubwa gani? Mwongozo kamili wa kupima chumba chako Tanga kabla ya kwenda dukani

Malalamiko ya wasomaji wa Tanga kuhusu viyoyozi ni ya aina mbili, na kwa mtazamo wa kwanza yanapingana. Kuna anayesema kiyoyozi chake kipya kinanguruma tangu saa nane mchana hadi usiku wa manane na chumba bado kina fukuto. Kuna mwingine anayesema chake kinapoza ndani ya dakika chache, lakini shuka zina unyevu, viatu vya ngozi vinaota ukungu chini ya kitanda, na uniti za umeme zinakwisha kabla ya wiki. Wa kwanza alinunua kidogo mno, wa pili kikubwa mno, na wote wawili walichagua kwa njia moja: walimwambia muuzaji kwamba wana "chumba cha kawaida", naye akawapa alichokuwa nacho dukani.

Mwongozo huu unahusu kiyoyozi cha ukutani chenye mashine mbili, ya ndani na ya nje, kinachohudumia chumba kimoja cha nyumbani. Hesabu zake ni makadirio ya kazi, yanayotosha kwa chumba cha kulala, sebule, au banda la gari lililogeuzwa kuwa chumba cha ushonaji. Hazitoshi kwa ukumbi wa mikutano wala kwa chumba cha kuhifadhia dawa.

## Vitu vya kuandaa

- Tepu ya fundi ujenzi, ya mita 5 au zaidi.
- Karatasi, kalamu, na simu yenye kikokotoo na dira.
- Kipimajoto cha chumbani, na ikiwezekana kile kinachoonyesha pia unyevu wa hewa.
- Ndoo yenye alama za lita.
- Risiti za LUKU za miezi miwili au mitatu iliyopita.
- Orodha ya vyombo vya umeme vilivyomo chumbani, pamoja na wati zake kama zilivyoandikwa kwenye vibandiko.

Usinunue kitu chochote kabla ya kufika hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Amua ni chumba kipi na saa zipi

Chumba kimoja huhitaji nguvu tofauti mchana na usiku. Kinacholaliwa kuanzia saa tatu usiku hakikabiliani na jua, bali na joto ambalo kuta za tofali za saruji zililihifadhi mchana na kuendelea kulitoa taratibu hadi usiku mwingi. Sebule inayokaliwa saa tisa alasiri inakabiliana na jua lenyewe, paa lililochemka na watu walio macho. Andika saa za matumizi juu ya karatasi yako, kwa sababu kila nyongeza utakayoifanya baadaye itategemea saa hizo.

Amua pia mipaka. Sebule iliyofunguka hadi sehemu ya kulia chakula, ikaendelea hadi kwenye ujia wa vyumbani bila mlango, kwa kiyoyozi ni chumba kimoja kikubwa, hata kama mwenye nyumba anakiita kwa majina matatu. Ama upime eneo lote hilo, ama uweke mlango au pazia zito. Wengi hupima sebule peke yake, kisha wakashangaa baridi inakokwenda.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuonyesha kwa kidole kila mahali ambapo hewa ya chumba hicho inaishia.

## Hatua ya 2: Pima chumba kwa mita

Pima urefu na upana wa ndani, ukuta hadi ukuta, kisha zidisha upate mita za mraba. Pima na kimo kutoka sakafuni hadi darini.

Mafundi wetu huzungumza kwa futi, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Futi moja ni mita 0.305. Chumba cha futi 12 kwa 12 kina upande wa mita 3.66, yaani takriban mita za mraba 13.4. Badili kila upande kuwa mita kwanza, halafu ndipo uzidishe. Ukizidisha futi kwa futi na kugawa kwa tatu, utapata chumba ambacho hakipo.

## Hatua ya 3: Pata namba ya kuanzia

Uwezo wa kiyoyozi hutajwa kwa BTU kwa saa, ambacho ni kipimo cha kiasi cha joto kinachoondolewa chumbani. Wati 1 ya joto ni sawa na BTU 3.4 kwa saa, kwa hiyo kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa chumbani joto la takriban kilowati 3.5.

Kwa chumba cha pwani kilichofungika vizuri, chenye dari isiyozidi mita 2.8, kivuli cha kutosha na watu wawili, anza na BTU 600 kwa kila mita moja ya mraba. Kimo kikizidi, ongeza asilimia 10 kwa kila sentimita 30 za ziada. Nyumba za zamani za katikati ya mji zenye dari ndefu huhitaji nyongeza hii, ijapokuwa unene wa kuta zake husaidia kuchelewesha joto la mchana.

Kwenye vijitabu na mitandaoni utakutana na namba ndogo zaidi, hata ya BTU 215 kwa mita ya mraba. Hiyo inatokana na kanuni ya Marekani ya BTU 20 kwa futi moja ya mraba, na nyumba zinazokusudiwa huwa na kuta na paa zilizojazwa vizuizi vya joto. Nyumba yenye tofali tupu na mabati haiwezi kuitumia.

## Hatua ya 4: Hesabu paa, kuta na jua

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayotofautisha nyumba mbili zenye vyumba vya ukubwa sawa katika mtaa mmoja.

Anza na paa. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima, likilipiga paa kuliko ukuta wowote. Bati lililopigwa na jua la saa saba linaweza kuzidi nyuzi 60 za Selsiasi, nalo huirushia joto hilo dari iliyo chini yake. Ikiwa una mabati na dari ya jipsamu au mbao bila kizuizi cha joto juu yake, ongeza asilimia 15 kwa chumba cha mchana na asilimia 5 kwa chumba cha usiku, kwa kuwa bati hupoa haraka baada ya jua kuzama. Ikiwa juu yako kuna ghorofa nyingine inayokaliwa, punguza asilimia 10.

Ikiwa hakuna dari kabisa, simamisha hesabu. Usinunue kiyoyozi kwa chumba ambacho ukiinua macho unaona bati. Fedha za kwanza ziende kwenye dari, na zikibaki, kwenye karatasi ya foili ya kuakisi joto chini ya bati.

Kisha simama katikati ya chumba na dira. Ukuta au dirisha la magharibi ndilo baya zaidi, kwa sababu hupigwa na jua la kuanzia saa tisa alasiri, wakati nyumba nzima imekwishapata joto. Mita moja ya mraba ya kioo kisicho na kivuli, kikielekea jua hilo, inaweza kuingiza zaidi ya wati 400 za joto, yaani zaidi ya BTU 1,300 kwa saa. Madirisha mapana ya aluminiamu ya kusukuma yanapendeza, lakini lawama ya kioo hicho huangukia kiyoyozi. Ongeza asilimia 10 ya namba ya kuanzia kwa chumba chenye ukuta au dirisha la magharibi lisilo na kivuli. La mashariki halihitaji nyongeza kwa chumba kinacholaliwa usiku.

Kusini na kaskazini pana jambo la kuangalia. Kuanzia mapema Oktoba hadi mapema Machi, jua la adhuhuri la Tanga huwa upande wa kusini. Miezi mingine huwa kaskazini. Miezi ya joto kali iko ndani ya kipindi cha kwanza, kwa hiyo usihukumu ukuta wa kusini kwa kuutazama mwezi wa Julai, wakati uko kivulini kutwa nzima. Hata hivyo, jua hilo huwa juu sana, na upenu wa kawaida wa paa hutosha kulizuia. Kama upenu upo, usiongeze kitu.

Tahadhari: pazia la ndani si kivuli kamili. Jua likishapita kwenye kioo, joto limekwishaingia. Kivuli cha kweli ni cha nje: kibaraza, mkeka wa kuteremsha, mti, au shata.

Ukimaliza hatua hii uwe na namba ya kuanzia pamoja na nyongeza mbili au tatu zilizoandikwa kwa BTU, kila moja na sababu yake pembeni.

## Hatua ya 5: Ongeza watu na vyombo

Namba ya kuanzia inahesabu watu wawili. Kwa kila mtu wa ziada anayekaa humo kwa kawaida, ongeza BTU 600. Usihesabu wageni wa Idi. Hesabu watu wa siku za kazi.

Kila wati ya umeme inayotumika chumbani hugeuka joto la chumbani. Zidisha wati kwa 3.4: runinga ya wati 100 huongeza BTU 340, na pasi ya wati 1,000 inayowaka nusu ya muda huongeza BTU 1,700. Jiko likiwa ndani ya eneo hilohilo bila mlango, ongeza BTU 4,000, ingawa mimi ningetafuta mlango kwanza.

Hapa pana tahadhari ya uhai. Kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya kutoka nje. Huizungusha ileile iliyomo ndani. Kwa sababu hiyo, chetezo chenye makaa ya udi au ubani, pasi ya mkaa na jiko la mkaa havipaswi kuachwa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi, kwani makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua. Fukiza nyumba madirisha yakiwa wazi, toa chetezo nje, kisha ndipo ufunge na kuwasha. Jenereta isiwashwe ndani wala kwenye banda lililoungana na chumba.

## Hatua ya 6: Jumlisha, kisha chagua saizi ya dukani

Saizi za kawaida madukani ni BTU 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Hesabu yako haitaangukia sawasawa juu ya mojawapo, na uamuzi wa kupanda au kushuka ndio unaohitaji akili.

Kanuni ninayoitumia ni hii: jumla ikizidi saizi fulani kwa asilimia 5 au chini ya hapo, chukua saizi hiyo. Ikizidi kwa kati ya asilimia 5 na 10, rudi hatua ya 4 na ya 5 utafute joto la kupunguza. Ikizidi kwa zaidi ya asilimia 10 na hakuna la kupunguza, panda saizi.

Kwa nini tusipande tu kila mara? Kwa sababu Tanga kiyoyozi kina kazi mbili, kupunguza joto na kukausha hewa, na ya pili ndiyo inayoharibika kikiwa kikubwa mno. Mvuke ukigeuka maji juu ya mapezi (vibati vyembamba) baridi ya mashine ya ndani, kila lita moja ya maji humeza takriban BTU 2,300. Kiyoyozi kinachotoa lita moja na nusu kwa saa kinatumia karibu BTU 3,500 kwa maji peke yake. Uwezo unaoandikwa kwenye kibandiko, kwa kipimo cha kimataifa, hupimwa kwa hewa ya ndani ya nyuzi 27 yenye unyevu ulio chini kidogo ya asilimia 50, na hewa ya nje ya nyuzi 35. Joto la nje la Tanga halifiki huko kwa kawaida, lakini unyevu wetu unauzidi ule wa kipimo kwa mbali, na kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya nguvu ileile hutumika kukamua maji.

Kukamua huko kunahitaji muda. Kiyoyozi cha kasi moja, yaani ambacho kompresa yake (pampu ya gesi ya kupozea) huwaka kwa nguvu yote au huzima kabisa, kikiwa kikubwa kupita kiasi huifikisha hewa kwenye nyuzi 24 ndani ya dakika chache, kompresa ikazima kabla maji hayajatiririka, feni ikaendelea kupuliza juu ya mapezi yaliyolowa, na unyevu ukarudi chumbani. Baada ya muda mfupi kompresa huwaka tena. Matokeo yake ni baridi yenye unyevu, ukungu kabatini, kompresa inayochakaa mapema, na umeme unaopotea kila inapoanza upya. Kiyoyozi cha inveta hupunguza tatizo hili kwa sababu kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima, lakini nacho kina kiwango cha chini ambacho hakiwezi kukivuka. Ukilazimika kupanda saizi, basi iwe inveta.

### Mfano wa kwanza: chumba cha kulala, Makorora

Chumba ni futi 12 kwa 12, dari ya mbao chini ya mabati, ukuta mmoja wa magharibi usio na kivuli, watu wawili, matumizi ya usiku. Namba ya kuanzia ni 13.4 × 600, yaani BTU 8,040. Paa asilimia 5: 402. Ukuta wa magharibi asilimia 10: 804. Jumla ni BTU 9,246.

Ziada juu ya 9,000 haifiki asilimia 3. Chukua 9,000. Muuzaji atakushauri 12,000 "ili usijute", na hapo ndipo shuka zenye unyevu zinapoanzia. Ikiwa mtoto analala humo pia, jumla inafika 9,846, ziada ya asilimia 9. Weka mkeka wa nje au panda mmea unaotambaa kwenye ukuta ule wa magharibi, na 9,000 bado itatosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Asiyeweza kuweka kivuli anunue 12,000 ya inveta.

### Mfano wa pili: sebule

Mita 5 kwa 6, mchana, mabati na dari ya jipsamu, dirisha la magharibi, watu sita, runinga na friji zenye jumla ya wati 250. Kuanzia: 18,000. Paa: 2,700. Magharibi: 1,800. Watu wanne wa ziada: 2,400. Vyombo: 850. Jumla ni 25,750, inayozidi 24,000 kwa asilimia 7. Kivuli cha nje kwenye dirisha lile kinaondoa 1,800, na jumla inashuka hadi 23,950.

### Mfano wa tatu: banda la gari lililogeuzwa chumba cha ushonaji

Huu nauweka kwa sababu mabanda ya namna hii yameongezeka, na ndiyo yanayoshinda viyoyozi vingi. Banda ni mita 3.5 kwa 6, mabati bila dari, mlango wa chuma wa kukunja upande wa magharibi, mafundi wanne, cherehani tatu za umeme na pasi.

Likiwa vile lilivyo, banda hili halina hesabu. Bati liko wazi, mlango wa chuma una nafasi juu na chini, na hewa yenye mvuke huingia kwa kasi ileile ambayo kiyoyozi kinaikausha. Kwanza liwekewe dari. Kisha mlango wa chuma uzibwe kwa ukuta mwepesi wa ndani wenye mlango wa kawaida, au angalau uwekewe mipira ya kuziba nafasi pande zote.

Baada ya hapo: mita za mraba 21 × 600 ni 12,600. Paa asilimia 15: 1,890. Magharibi asilimia 10: 1,260. Mafundi wawili wa ziada: 1,200. Cherehani, wati 300: 1,020. Pasi, nusu ya muda: 1,700. Jumla ni BTU 19,670, inayozidi 18,000 kwa zaidi ya asilimia 9. Hamishia meza ya kupigia pasi kibarazani, na jumla inakuwa 17,970. Tofauti ya bei kati ya kiyoyozi cha 18,000 na cha 24,000 inanunua meza nyingi za pasi.

## Hatua ya 7: Soma kibandiko, si maneno ya dukani

Madukani saizi hutajwa mara nyingi kwa "HP": HP 1 kwa maana ya BTU 9,000, HP 1.5 kwa 12,000, HP 2 kwa 18,000. Ulinganisho huu ni wa mazoea ya biashara, na hauko sawa kwa watengenezaji wote. Omba uone kibandiko cha mashine yenyewe na utafute uwezo wa kupoza kwa BTU au kwa kilowati.

Usichanganye uwezo huo na umeme unaotumika. Kiyoyozi kinachoondoa kilowati 3.5 za joto hula takriban kilowati 1.1 za umeme, kwa sababu kazi yake ni kuhamisha joto, si kulitengeneza. Ukiona namba mbili za wati, kubwa ni ya kupoza na ndogo ni ya umeme. Uwiano wa kubwa kwa ndogo ukiwa juu zaidi, ndivyo mashine inavyobana matumizi.

Tazama na aina ya gesi ya kupozea iliyomo ndani ya mashine. R22 inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal kwa sababu huharibu tabaka la ozoni, na kukinunua kiyoyozi chake leo, hata kwa bei ya kutupa, ni kujinunulia shida ya gesi kesho. R410A na R32 ndizo zinazotumika sasa. R32 inaweza kuwaka moto, ingawa si kwa urahisi, hivyo fundi wake asiwe mtu wa kujaribu.

## Hatua ya 8: Pima umeme wa nyumba na mfuko wako

Kiyoyozi kiwe na waya wake kutoka kwenye meni swichi, na breka yake. Kwa BTU 9,000 na 12,000 waya wa milimita za mraba 2.5 ndio wa kawaida. Kwa 18,000 mafundi waangalifu huweka wa 4. Kwa 24,000, wa 4 au 6 kulingana na umbali. Usikichomeke kwenye soketi ya kawaida kupitia kebo ya kurefusha, na usikubali kazi isiyo na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Gadi (kifaa cha kukinga chombo dhidi ya umeme usiotulia) ndogo ya friji haimudu mzigo huu. Nunua gadi ya kiyoyozi, inayosubiri dakika kadhaa umeme unaporudi ili kompresa isianze ikiwa na mgandamizo.

Sasa uniti. Zidisha kilowati za umeme kwa saa za matumizi, kisha kwa 0.6, kwa kuwa kompresa ya kiyoyozi chenye saizi sahihi haiwaki muda wote wa usiku. Kwa BTU 9,000 inayokula kilowati 0.8, saa nane: 0.8 × 8 × 0.6 ni karibu uniti 3.8 kwa usiku, sawa na uniti 115 kwa mwezi. Kwa 12,000 ya kasi moja, karibu uniti 158. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako.

Nyumba zilizo katika kundi la D1 la TANESCO, lililowekewa kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, zitambue kwamba kiyoyozi chochote kinachotumika kila usiku kitazitoa humo, na kuanzia hapo taa na friji nazo zitalipiwa kwa bei ya juu. Hesabu ya mwezi ifanywe kwa nyumba nzima.

## Hatua ya 9: Mashine ya nje na chumvi ya bahari

Saizi sahihi huharibiwa na mahali pabaya. Mashine ya nje iliyobanwa kwenye uchochoro uliofunikwa kwa bati hurudia kuvuta hewa yake ya moto, na BTU ulizozilipia hupungua. Iache nyuma yake nafasi aliyoielekeza mtengenezaji, na mbele yake pawe wazi kabisa.

Kwa nyumba za Raskazone, Sahare na kokote kuliko karibu na maji, chagua mashine yenye mapezi yaliyopakwa kinga dhidi ya kutu, ifungwe upande usiotazama bahari, kwa vishikio vilivyopakwa zinki, na ioshwe kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) yasiyo na kasi kila mwezi. Mapezi yaliyoliwa na chumvi hayawezi kutoa joto, na kiyoyozi cha 12,000 huanza kufanya kazi ya kidogo zaidi bila kibandiko kubadilika.

Mwambie fundi asifungulie gesi kabla ya kufyonza hewa yote kwenye mabomba kwa pampu, na bomba la maji liwe na mteremko mtupu hadi mwisho.

## Hatua ya 10: Jaribu kabla ya kumruhusu fundi aondoke, na tena usiku

Washa saa nane au tisa mchana, rimoti ikiwa nyuzi 25. Kuiweka 16 hakuharakishi chochote kwa kiyoyozi cha kasi moja. Kunakizuia kuzima tu. Baada ya dakika 15 au 20, weka kipimajoto kwenye hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani, kisha kwenye inayotoka chini. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 inaonyesha mashine ni nzima. Ikiwa ni nyuzi 4 au 5, gesi au hewa ina kasoro, na hakuna hesabu ya saizi itakayoliponya hilo. Fundi asilipwe salio.

Usiku, chumba kikiwa na watu wake, fanya kipimo cha saizi. Weka ndoo chini ya bomba la maji. Kiyoyozi cha 9,000 au 12,000 kinachofaa chumba hukifikisha kwenye nyuzi 25 au 26 katika muda wa nusu saa hadi saa moja, kisha hupumzika kwa vipindi, au kikiwa inveta hushusha sauti na kuendelea taratibu. Katika saa hiyo ya kwanza, hewa ikiwa na unyevu wa kawaida wa miezi ya joto, ndoo huonyesha maji ya kuonekana, karibu lita moja. Kipimo cha unyevu kinashuka hadi asilimia 50 au 60.

Kikifika kwenye nyuzi 25 kwa dakika tano, kikazima, kikawaka, ndoo ikabaki na vikombe viwili vya maji na unyevu ukabaki juu ya asilimia 70, kimezidi. Tumia kitufe cha kukausha hewa kwenye rimoti, weka feni kwenye kasi ya chini, au kihamishie chumba kikubwa zaidi. Kisipofika kabisa ilhali tofauti ya hewa ni nzuri na ndoo inajaa, kwanza funga kila nafasi inayoingiza hewa: chini ya mlango, kwenye luva za dirisha la choo, na pale bomba linapotoboa ukuta. Rudia kipimo usiku unaofuata kabla ya kufikiria kubadilisha mashine.